Jedwali la The Zombies: shajara ya mradi

Januari 12

Jedwali limefunguliwa leo. Kazi ni kuorodhesha kila wimbo ambao The Zombies, vijana wa St Albans kaskazini mwa London, waliurekodi na kuutoa kati ya 1964 na 1969: ulirekodiwa studio gani, nani aliusimamia, ulitoka kwa lebo ipi, una miksi ngapi (yaani sauti zake zilichanganywa kwa namna ngapi), na ulifika wapi kwenye chati za Uingereza na Marekani. Aliyeniomba ni mtangazaji mstaafu ambaye bado anaendesha kipindi cha zilipendwa za Kizungu. Mtaani sote tunamwita Mzee, na humu nitamwita hivyo hivyo. Amechoshwa na namba zinazogongana. Jalada moja linasema "Time of the Season" ilishika namba moja Marekani, kitabu kingine kinasema namba tatu, na kuna msikilizaji mwenye kumbukumbu kali anayempigia simu kumsahihisha, asome namba hii au ile.

Kwa nini Zombies na si Beatles? Beatles wameshaandikwa mpaka kikohozi chao. Zombies wana albamu mbili tu za Uingereza kwa miaka yote ile, na santuri ndogo ambazo ukizipanga mezani zinaenea. Ni kazi inayoweza kuisha. Halafu historia yao ya chati imekaa kichwa chini miguu juu: nyumbani hawakupewa uzito, ng'ambo walipendwa, na kibao chao kikubwa cha mwisho kilitamba wakati kundi lilishavunjika.

Wanakundi: Rod Argent kinanda, Colin Blunstone sauti, Paul Atkinson gitaa, Hugh Grundy dramu, na Chris White besi, aliyechukua nafasi ya Paul Arnold mapema kabla hawajaingia studio. Watunzi ni Argent na White. Utunzi nimeupa safu yake, kwa sababu mirabaha ya watunzi ndiyo itakayoeleza mambo mengi huko mbele.

Nimejiwekea sharti moja: hakuna namba itakayoingia kwenye jedwali bila jina la chati iliyoitoa. Kisanduku chenye "2" peke yake nitakifuta.

Januari 19

Mstari wa kwanza: "She's Not There".

Mwaka 1964 kundi lilishinda shindano la muziki la Herts Beat, na ushindi huo ukawafikisha kwenye kampuni ya santuri ya Decca. Prodyuza wao, Ken Jones, aliwaambia kwamba wakitaka wanaweza kuja na utunzi wao wenyewe. Argent akarudi nyumbani akaandika huu. Juni 12, 1964 waliingia studio za Decca, West Hampstead, na siku hiyo hiyo walirekodi pia "Summertime" ya Gershwin na wimbo wa White, "You Make Me Feel Good", uliokuja kuwekwa upande wa pili wa santuri.

Kuna kisa cha kipindi hicho ambacho wenyewe wamekisimulia mara nyingi. Fundi mitambo aliyepangiwa kazi alikuja amelewa, akaishia kupakiwa kwenye teksi, na msaidizi wake kijana akakaa kwenye mashine badala yake. Msaidizi huyo alikuwa Gus Dudgeon. Miaka michache baadaye ndiye aliyetayarisha "Space Oddity" ya David Bowie na albamu kubwa za Elton John. Safu ya fundi mitambo nilikuwa naifikiria kama pambo. Sasa naiacha ibaki.

Santuri ilitoka Julai 1964, Decca F 11940. Uingereza ilifika namba 12. Marekani ilitolewa na lebo ya Parrot, kwa sababu kule jina la Decca lilikuwa mali ya kampuni nyingine, na Decca ya Uingereza ikalazimika kuuza muziki wake kupitia lebo iliyoitwa London na lebo zake ndogo. Hot 100, chati ya jarida la Billboard, iliupeleka mpaka namba 2 Desemba 12, 1964, wiki ambayo Bobby Vinton alikalia kiti cha juu na "Mr. Lonely". Cash Box, jarida jingine la biashara ya muziki, iliupa namba moja.

Kwa hiyo mstari mmoja tu umejaza safu tatu za chati na namba tatu tofauti: 12, 2, 1. Nimemtumia Mzee picha ya jedwali. Amejibu: "Mwanangu, msikilizaji anataka kusikia namba moja tu." Nimemuuliza, namba moja ya nani? Hajajibu bado.

Kitu kingine kuhusu wimbo huu, na hiki ni cha masikio. Miksi ya mono (sauti zote kwenye njia moja), ile iliyouzwa dukani 1964, ina mapigo ya ziada ya dramu ambayo Grundy aliyapiga wakati ule ule miksi inafanywa. Hayakuwekwa kwenye mkanda wenye njia zilizotengana. Yaliingia moja kwa moja kwenye mono. Ndiyo maana stirio (sauti zilizogawanywa pande mbili) iliyotengenezwa kutoka mkanda ule haina mapigo hayo na inasikika imepwaya. Nimezisikiliza zote mbili moja baada ya nyingine: kwenye mono dramu inakusukuma mgongoni, kwenye stirio imekaa mbali kidogo. Nimeongeza safu: "Miksi iliyopanda chati". Kwa wimbo huu ni mono, na Mzee akipiga stirio hewani hatakuwa anapiga kile walichonunua watu mwaka ule.

Januari 27

Leo sijagusa nyimbo. Nimeshughulika na chati zenyewe, maana bila hizo jedwali zima linayumba.

Uingereza ya miaka ya 60 haikuwa na chati moja. Jarida la New Musical Express (NME) walianza yao Novemba 1952. Melody Maker walikuwa na yao, Disc nao yao, Record Retailer wakaanza yao Machi 1960, na BBC ikazikusanya hizo za majarida, ikapiga wastani, ikatangaza yake. Kila jarida lilikuwa na kundi lake la maduka yanayotoa hesabu, na Record Retailer, ambayo leo ndiyo tunayoichukulia kuwa rasmi, kwa miaka ya mwanzo ilitegemea maduka machache kuliko NME. Urasmi wake ulikuja baadaye, pale watunza historia walipohitaji mnyororo mmoja usiokatika na wakaichagua hiyo kwa kipindi cha Machi 1960 hadi Februari 1969. Februari 1969 ndipo BBC na Record Retailer walipoipa kampuni ya utafiti ya BMRB kazi ya kuhesabu, na tangu hapo kukawa na chati moja inayokubalika.

Mfano unaowauma mashabiki wa Beatles mpaka leo: "Please Please Me" ya 1963 ilikuwa namba moja NME, Melody Maker na Disc. Record Retailer iliipa namba mbili. Albamu ya mwaka 2000 iliyokusanya namba moja zao haina wimbo huo. Aliyekuwa kijana Liverpool mwaka 1963 angekuapia kwamba uliongoza, na angekuwa anasema kweli.

Kuna jambo la urefu pia. NME walichapisha nafasi 30. Record Retailer walichapisha 50. Hili linawagusa Zombies moja kwa moja, kwa sababu wimbo wao wa pili na wa mwisho kuingia chati ya kwao, "Tell Her No", ulifika namba 42. Kwa msomaji wa NME wimbo huo haukuwahi kuwepo. Kwa hiyo ukiuliza kama The Zombies walikuwa kundi la kibao kimoja Uingereza, jibu linategemea jarida lililokuwa mkononi.

Marekani mambo ni nafuu kidogo. Billboard iliunganisha chati zake kuwa Hot 100 mnamo Agosti 1958, ikichanganya mauzo na upigaji redioni. Cash Box, jarida lililozaliwa kwenye biashara ya mashine za kutumbukiza sarafu, lilikuwa na hesabu yake lenyewe na wafanyabiashara waliliheshimu. Halikuwa gazeti la uchochoroni. Limekufa 1996, Billboard ipo hai, na mwenye kuishi ndiye anayeandika kumbukumbu.

Uamuzi: safu kuu Uingereza ni Record Retailer, safu kuu Marekani ni Billboard. Cash Box ina safu yake yenye rangi hafifu. NME nitaiandika pale tu inapobadilisha hadithi.

Februari 2

Mzee amejibu. Anasema yeye mwaka 1969 hakununua Billboard wala Cash Box, alisikia wimbo redioni akaupenda. Sikuwa na la kumjibu.

Februari 9

Santuri ndogo za Decca zimeingia zote. Ni kusoma orodha ya matanga.

"Leave Me Be", Oktoba 1964: Uingereza haikuingia. "Tell Her No", mwanzoni mwa 1965: Record Retailer 42, lakini Billboard namba 6. "She's Coming Home": Billboard 58, Uingereza hakuna kitu. "I Want You Back Again": Billboard 95. "Whenever You're Ready" na "Just Out of Reach" hazikuingia Hot 100 hata kidogo. Zilibaki kwenye orodha ndogo ambayo Billboard huichapisha chini ya mia, 110 na 113. Kisha "Is This the Dream", "Indication", "Gotta Get a Hold of Myself", "Goin' Out of My Head": kote zimebuma.

Sikuelewa ni kwa nini mpaka nilipozisikiliza kwa mfululizo. Nyimbo si mbaya. "Whenever You're Ready" ina kinanda ambacho ningelipia. Nadhani tatizo ni kwamba Ken Jones aliendelea kutafuta "She's Not There" nyingine, ile sauti ya pumzi na kinanda cha jazi, na sokoni kelele zilikuwa zimeshahamia kwingine. Wanakundi wenyewe wamelalamika miaka mingi kwamba hawakuruhusiwa kukaa kwenye miksi. Ukisikiliza tofauti ya 1966 na kile walichofanya 1967 bila yeye, malalamiko yana mashiko.

Suala la kiufundi ambalo limenichukua jioni nzima ni kistari. Kisanduku kitupu kwenye safu ya chati kinaweza kumaanisha mambo matatu: wimbo ulitoka nchi hiyo ukashindwa kuingia, wimbo haukutoka kabisa nchi hiyo, au ulitoka ukiwa upande wa pili wa santuri. Majedwali mengi niliyoyaona yanaweka kistari kile kile kwa yote matatu, na msomaji anadhani wimbo umekataliwa wakati haukuwahi kufika dukani. Mimi nimetumia alama tatu: kistari kwa ulioshindwa, nukta kwa usiotoka, na herufi B kwa upande wa pili. Imependeza zaidi ya nilivyotarajia.

Kisha kuna Ufilipino. Mwaka 1967, Uingereza ikiwa imeshawasahau, walialikwa Manila wakidhani wanakwenda kupiga kwenye hoteli. Walikuta uwanja wa ndani wa Araneta umejaa maelfu ya watu na nyimbo zao zinaimbwa mstari kwa mstari. Malipo yao hayakulingana hata kidogo na umati ule. Sina chati ya Ufilipino ya kuaminika, kwa hiyo nimeandika kwenye safu ya maelezo tu. Chati mbili za nchi mbili zimetuzoesha kudhani dunia ilikuwa na wanunuzi London na New York tu.

Februari 20

Abbey Road.

Mwaka 1967 kundi liliondoka Decca likaenda CBS (ndiyo Columbia ya Marekani; Uingereza jina la Columbia lilikuwa la kampuni ya EMI). Walipewa pauni 1,000 kutengeneza albamu, na safari hii Argent na White walisimamia wenyewe. Kuanzia Juni hadi Novemba 1967 walirekodi kwenye studio za EMI, Abbey Road, muda mfupi baada ya Beatles kumaliza "Sgt. Pepper" humo humo. Mafundi mitambo walikuwa Geoff Emerick na Peter Vince, na Emerick ndiye aliyekuwa mezani kwenye kazi ile ya Beatles. Argent amesema mara nyingi kwamba Mellotron unayoisikia, kile kinanda chenye mikanda ya sauti ya zeze na filimbi ndani yake, ilikuwa ya John Lennon na ilikuwa imeachwa pale studio. Nyimbo chache zilirekodiwa studio ya Olympic, Barnes, siku ambazo Abbey Road haikupatikana. Nimeziwekea alama.

Kwa sababu pauni 1,000 haikuwa pesa ya kuchezea, walifanya mazoezi mpaka kila mtu anajua sehemu yake kabla ya saa ya studio kuanza kuhesabiwa. Inasikika. Hakuna anayepapasa.

Nyimbo 12: White ametunga 7, Argent 5. Mchoraji wa jalada, Terry Quirk, aliandika "Odessey" badala ya "Odyssey", na wakati wanagundua jalada lilikuwa limeshafika mbali. Kwa hiyo jina kwenye jedwali linabaki *Odessey and Oracle* na tafadhali Mzee usinisahihishie.

Santuri ndogo: "Friends of Mine" Oktoba 1967, kistari. "Care of Cell 44" Novemba 1967, kistari. Hii ya pili inaniuma. Ni wimbo wa uchangamfu, sauti zimepangwa kama kwaya, na ukisikiliza maneno unagundua ni barua kwa mtu anayekaribia kutoka gerezani. Ingekuwa mimi ningeitoa kiangazi. Lakini ilishindwa, na pesa ziliisha. Argent na White walikuwa na mirabaha ya utunzi. Atkinson, Grundy na Blunstone waliishi kwa malipo ya maonyesho, na maonyesho yalikuwa yanapungua. Desemba 1967 walivunja kundi. Albamu ilitoka Aprili 1968 ikiwa haina wa kuipigia debe. Uingereza haikuingia chati.

Machi 3

Mstari mmoja umekula muda kuliko mingine yote: "This Will Be Our Year".

Mkanda wa kurekodia ulikuwa wa njia nne. Walirekodi, wakajaza njia zote nne. Kisha tarumbeta zikaongezwa, na kwa kuwa njia zilikuwa zimejaa, zilipigwa moja kwa moja wakati miksi ya mono inafanywa, kama mapigo ya Grundy kwenye "She's Not There". Matokeo yake tarumbeta hizo zipo kwenye mkanda wa mono peke yake. Kwenye mkanda wa njia nne hazimo.

Albamu ilipokamilika CBS wakasema wanataka na stirio. Bajeti ilikuwa imekwisha. Argent na White wakalipa kutoka mifukoni mwao, pauni 200 za mirabaha yao, ili stirio ifanyike. Nyimbo 11 zikatengana vizuri. Wa 12 ukagoma: ukitaka stirio ya kweli unapoteza tarumbeta, ukitaka tarumbeta unabaki na mono. Wakachagua tarumbeta na kuigeuza mono kuwa stirio ya kudanganyia. Kwa namna hiyo sauti moja hugawanywa: sehemu kubwa ya besi hupelekwa sikio moja, sauti za juu sikio jingine, na upande mmoja unaweza kucheleweshwa kidogo sana ili ubongo udhani kuna nafasi.

Nimekaa na spika za masikioni nikauweka baada ya "I Want Her She Wants Me", kama ulivyopangwa kwenye santuri. Wimbo uliotangulia una pande mbili zinazoeleweka. Unaisha, kinanda cha "This Will Be Our Year" kinaingia, na ghafla chumba kinajikunja: kila kitu kipo katikati lakini kimevimba, kama mtu anayezungumza kupitia ukuta wa mabati. Kisha ukipiga toleo la mono, lile lile, linasimama wima. Tarumbeta zinakuja bila kupaka rangi kingo, na ile dakika mbili na kidogo inakwisha kabla hujashiba.

Kwenye safu ya miksi nimeandika: "CBS 63280 mono, asili. CBS S 63280, stirio bandia. Pigeni mono." Hilo la mwisho ni maoni yangu na najua jedwali si mahali pake. Nimeliacha.

Machi 11

"Time of the Season", ndiyo iliyoleta kelele zote hizi.

Ilikuwa miongoni mwa za mwisho kutungwa. Blunstone na Argent walizozana studio jinsi ya kuiimba. Mwimbaji alichoka kuelekezwa, na kwa simulizi yake mwenyewe nusura amwambie mtunzi aje aimbe. Ile sauti ya utulivu unayoisikia imeimbwa na mtu aliyekasirika.

Uingereza ilitoka Aprili 1968. Kistari. Marekani, Columbia hawakuwa na hamu ya kuitoa albamu. Al Kooper, aliyekuwa prodyuza wao wa ndani, alirudi kutoka London na rundo la santuri, akasikiliza hii, akaenda kwa mkuu wake Clive Davis kumwambia isiachwe. Wakaiweka kwenye lebo yao ndogo, Date. Na santuri ndogo ya kwanza waliyochagua? "Butcher's Tale (Western Front 1914)", wimbo wa White kuhusu mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, wenye kinanda cha pumzi kinacholia kama bawaba. Walifikiri vita vya Vietnam vingeuuza. Haukuuzwa. Ndipo ikaja "Time of the Season", kwanza na "I'll Call You Mine" upande wa pili, baadaye ikachapishwa upya na "Friends of Mine". Ikapanda taratibu redio kwa redio.

Machi 29, 1969: Billboard namba 3, wiki za "Dizzy" ya Tommy Roe kule juu. Cash Box: namba moja. Santuri ya dhahabu. Albamu yenyewe ilifika 95 tu kwenye chati ya albamu ya Billboard, kwa hiyo watu walinunua wimbo wakaiacha albamu.

Na kundi halikuwepo. Argent alikuwa anajenga kundi jipya lenye jina lake. Blunstone alikuwa karani kwenye ofisi ya bima London. Mapromota wa Marekani hawakusubiri: kampuni moja ya Michigan ilipeleka barabarani makundi mawili ya bandia yakijiita The Zombies. Moja lilikuwa la vijana wa Texas, na ndani yake walikuwemo Dusty Hill na Frank Beard, waliokuja kuwa theluthi mbili ya kundi la roki la ZZ Top. Mzee nilipomwambia hili kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Anataka kulisoma hewani kabla ya namba yoyote.

Machi 18

Swali la mipaka: nani anaingia kwenye jedwali?

Mapema 1969, kibao cha Zombies kikipanda Marekani, Blunstone alirekodi upya "She's Not There" kwa lebo ya Deram akitumia jina la Neil MacArthur. Record Retailer: namba 34. Yaani Uingereza, sauti ile ile kwenye wimbo wa zamani, chini ya jina bandia, iliingia chati, na wimbo mpya wenye jina halisi haukuingia. Nimemweka, kwa rangi tofauti. Kumwacha nje kungekuwa ukorofi.

Santana 1977, wimbo ule ule: Uingereza 11, Marekani 27. Nje ya kipindi, nje ya kundi. Ila kwenye maelezo nimetaja kwamba nyumbani kwa Zombies, Santana aliwapita kwa nafasi moja. "Hold Your Head Up" ya kundi la Argent, 1972, namba 5 kote Uingereza na Marekani: nje. "Say You Don't Mind" ya Blunstone, 1972, namba 15 Uingereza: nje, ingawa roho imeniuma.

Mzee alitaka pia niingize orodha ya jarida la Rolling Stone ya 2003 iliyoweka *Odessey and Oracle* namba 80 kati ya albamu 500 bora. Nimekataa. Ile ni kura ya waandishi na wanamuziki. Chati ni hesabu ya madukani na redioni. Tukizichanganya kwenye safu moja tutarudi kule kule tulikotoka. Amekubali kwa shingo upande na kuniambia nimekuwa karani wa forodha.

Machi 30

Mistari yote ya 1964 hadi 1969 imejaa. Vipindi vya BBC, ambavyo walirekodi vingi kwa ajili ya redio, nimevihamishia ukurasa wa pili, kwa sababu havikuuzwa na havina chati. Vikibaki pamoja vinaharibu alama zangu tatu. Hapo bado kuna kazi ya kulinganisha tarehe za kurekodi na za kutangazwa, ambazo hazifanani.

Maneno ya kusoma hewani tumeyakubaliana leo: "Namba tatu kwa Billboard, namba moja kwa Cash Box, na Uingereza haikuonekana kabisa." Mzee ameyapima kwa saa, anasema yanaingia kwenye utangulizi wa wimbo, kabla Blunstone hajaanza kuimba, kukibaki nafasi ya pumzi moja. Ameomba nimtafutie na namba za The Searchers, kundi jingine la Uingereza la miaka ile.